Paka wa Wote ni Paka wa Nani?

MAZUNGUMZO NA KARANI

Juma hili nimepata barua kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Makunduchi. Kwanza ameniuliza hali yangu, nami namshukuru, sijambo. Kisha akaendelea hivi: "Karani, jamaa yangu auzaye ndizi Darajani ameniambia ya kuwa Jumamosi hukuona ukipita sokoni na tenga begani, na ndani ya tenga mna paka analia. Je, kazi ya ukarani imekwisha, au siku hizi wauza paka?"

Nilicheka sana, lakini swali ni la haki, nalo lataka jibu la haki. Kazi ya ukarani haijaisha, na paka siuzi. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa hiyo nimeona afadhali nilitoe hapa, ili na wengine wanaoniona na tenga wapate kujua.

Aliyepata kutembea katika Mji Mkongwe hana haja ya kuelezwa habari za paka wake. Alfajiri utawakuta wamejikunja juu ya mabaraza ya mawe. Asubuhi wako Darajani penye soko la samaki, na Malindi vyombo vinapofika pwani, wakingoja utumbo na vichwa vya changu. Jioni huhamia Forodhani, chini ya meza za wauza mishikaki na pweza, wakimtazama mgeni machoni mpaka aone haya kula peke yake.

Paka hawa hawakuanza jana. Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa chetu, palikuwa na bandari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 2017 wataalamu waliochunguza mifupa ya wanyama kutoka mahali 22 pa Afrika Mashariki walieleza ya kuwa kuku na panya weusi, wote asili yao Asia, waliingia pwani yetu baada ya katikati ya miaka elfu ya kwanza ya tarehe yetu. Vyombo vilileta mali, na panya wakapanda humo bila nauli. Na kila penye panya na ghala ya nafaka, mtu humtaka paka. Urafiki huo ni wa kale mno. Katika kisiwa cha Kipro, ambacho wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakijua kwa jina, lilifukuliwa kaburi la mtu la miaka 9,500 hivi iliyopita, na karibu naye alikuwa amezikwa paka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004.

Tena hapa kwetu paka ana heshima yake. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio walio wengi Unguja, wamefundishwa ya kuwa paka si najisi, na ya kuwa mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu alimfunga paka, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Wazee nao wana methali yao: paka wa nyumba haingwa. Basi paka huingia hata jikoni, na hakuna amtupiaye jiwe.

Lakini je, paka wa mtaa? Muuza samaki humtupia kichwa cha samaki, bibi wa ghorofani humwekea makoko ya wali, na mtoto humwita jina. Kila mtu asema, "Huyu ni paka wetu." Siku paka huyo anapovunjika mguu kwa gurudumu la pikipiki, au anapozaa watoto watano katika duka la mtu, ndipo utakaposikia, "Huyu si wangu." Paka wa wote amekuwa paka wa nani? Hilo ndilo jambo lililonitia mimi begani tenga.

Miaka minne iliyopita, wakati wa masika, paka mmoja wa madoa alizaa katika stoo ya ofisi yetu, ndani ya sanduku la madaftari ya zamani. Karani ye yote atafahamu nilivyoona moyoni nilipoinua daftari la ubatizo nikalikuta limelowa. Nilikasirika. Nikangoja mama yao atoke, nikawatia watoto wanne katika pakacha, nikashika njia ya Malindi. Nilijiambia ya kuwa pale pana samaki wengi, kwa hiyo hawatakosa riziki.

Nilipokuwa nikikatiza Kiponda, nilimkuta bibi mmoja mtu mzima ameketi barazani akichagua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Pakacha lako lalia."

"Ni watoto wa paka, Bi. Nawapeleka Malindi, kwenye samaki."

"Wamekwisha kufumbua macho?"

"Bado."

Akauweka chini ungo wake. "Basi hao hawajui samaki ni nini. Mwanangu, huwapeleki kwenye samaki. Wawapeleka kufa, ila hutaki kuwapo."

Wasomaji, mimi nilisomea ualimu chuoni, na mwalimu huzoea kuwa na jibu. Siku ile sikuwa nalo. Yule bibi akaniambia niwarudishe upesi kwa mama yao, niwaachie kona moja ya stoo na gunia kavu, nami nihamishe madaftari yangu kabatini, ambako tangu mwanzo ndiko yalikopaswa kukaa. "Kisha Jumamosi uje hapa," akasema, "nikuonyeshe watu."

Watu wenyewe hawakuwa wengi. Walikuwako wanafunzi wawili, fundi seremala, mama mmoja mpika maandazi, mwalimu mstaafu, na daktari wa mifugo aliyekuwa akija siku yake ya mapumziko. Hawakuwa na jumba wala bango. Walikuwa na mitego mitatu ya waya, matenga, kanga kuukuu, na imani ya kuwa jambo hili laweza kufanywa vizuri. Wapo na wengine katika kisiwa chetu wafanyao kazi ya namna hii. Watu wa ZAASO, ambao jina lao refu la Kiingereza ni Zanzibar Animal Affection Society, wanajulikana kwa kutunza punda, mbwa na paka. Kikundi chetu ni kidogo tu, cha mtaani.

Kwanza nilidhani kazi yao ni kulisha paka. Daktari akanisahihisha kwa hesabu, akijua ya kuwa karani hapingi hesabu. Paka jike huweza kushika mimba angali na umri wa miezi minne au mitano. Hubeba mimba siku 63 mpaka 67 hivi, na mara nyingi huzaa watoto wanne. Tuseme azaa mara mbili tu kwa mwaka: ni watoto wanane. Tuseme nusu yao wafa kwa njaa, maradhi na magari: wamebaki wanne, wawili majike na wawili madume. Basi mwisho wa mwaka wa kwanza, majike ni watatu. Nao wakizaa vivyo hivyo, mwisho wa mwaka wa pili ni tisa, na mwisho wa mwaka wa tatu ni 27. "Sasa hesabu waliokufa," akaniambia. Nilichukua kalamu. Katika miaka hiyo mitatu watakuwa wamezaliwa 104, na 52 kati yao wamekufa, wengi kabla ya kujua kuwinda hata mende. Ukizidisha chakula bila ya kuzuia uzazi, utakuwa umezidisha vifo.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kufunga uzazi wa majike na kuhasi madume. Huanza Ijumaa jioni. Twaweka mtego penye kichochoro ambapo paka huzoea kula, ndani yake dagaa au kipande cha jodari. Paka akiingia, mlango hushuka, nasi hufunika mtego kwa kanga mara moja, maana gizani paka hutulia. Usiku ule hali kitu, kwa sababu mgonjwa wa kupasuliwa asiwe na chakula tumboni, mtu au mnyama. Asubuhi humpeleka kwa daktari. Hupigwa sindano ya usingizi, hukatwa, hushonwa, hudungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na angali usingizini hukatwa ncha ndogo ya sikio moja. Ukiona Mji Mkongwe paka mwenye sikio lisilo na ncha, usiseme ameumwa na mwenziwe. Hiyo ni alama ya kuwa amekwisha kutibiwa, asije akakamatwa tena bure.

Dume hupumzika usiku mmoja, jike siku moja au mbili zaidi, kisha hurudishwa palepale alipokamatwa. Hapa ndipo watu wengi wanapotushangaa. "Mmekwisha kuwakamata, mbona mwawarudisha? Watupeni mbali!" Jibu ni hili: mahali penye chakula hapakai patupu. Waondoe paka wa soko leo, na mwezi ujao watakuja wengine kutoka mtaa wa pili, nao watazaa. Lakini paka waliofungwa uzazi hulinda mahali pao, hawazai, hawapigani sana usiku juu ya mabati, na panya huwaogopa vilevile.

Mimi nilipewa kazi gani? Naam, daftari. Nikalipigia mistari kama nilivyozoea: tarehe, mtaa, rangi, jike au dume, aliyemleta, na mwishoni, alikokwenda. Wengi katika safu hiyo ya mwisho nimewaandikia "amerudishwa". Lakini wako wale ambao hawafai kurudishwa njiani, yaani watoto waliopoteza mama, paka kipofu, au paka aliyelelewa nyumbani kisha akaachwa mwenyewe alipohama. Hao hutafutiwa nyumba.

Na sasa, wasomaji wapenzi, yanipasa kueleza jambo ambalo sikulipenda kulieleza.

Jioni moja ya mwezi wa Ramadhani tulikuwa na paka watatu wa kutolewa. Watu walikuwa na haraka ya futari, nami pia nilikuwa nimechoka. Alikuja mama mmoja wa Ng'ambo na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alimtaka paka mdogo mwekundu, naye paka alikuwa amekwisha kumpanda begani. Sikuuliza neno, wala sikueleza neno. Niliandika tu mtaa wao katika safu ya mwisho, nikafurahi kuona mistari yote mitatu imejaa.

Baada ya majuma matano yule mtoto alikuja peke yake mpaka ofisini kwangu. Paka alikuwa ndani ya kikapu, amekwisha kufa, uso umemvimba. Mtoto akaniambia, "Mwalimu, alikuwa na homa. Nilimpa Panadol. Nilimpa nusu tu. Mama hutupa nusu."

Sikiliza vizuri, wewe uliye na paka nyumbani. Dawa hiyo ya maumivu, ambayo jina lake la kitaalamu ni parasetamoli, yatufaa sisi watu, lakini kwa paka ni sumu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la mtu. Damu yake huharibika isiweze kuchukua hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia au ya bluu, uso na miguu huvimba, naye hufa. Kidonge kimoja chaweza kuua paka mzima, na mdogo hufa kwa kipande. Daktari wetu alilijua hilo, na yule mwalimu mstaafu alilijua. Mimi nami nilikuwa nimekwisha kuambiwa. Mtoto peke yake ndiye hakuambiwa, naye alifanya vile alivyofanyiwa na mama yake siku alipoumwa. Alimpenda paka wake, akamwua kwa upendo, kwa sababu karani alikuwa na haraka ya kujaza mstari.

Nilimweleza ya kuwa kosa si lake, ni langu. Sijui kama aliniamini. Nilimwuliza kama angetaka siku moja kupewa paka mwingine, akatikisa kichwa. Tulimzika paka nyuma ya stoo. Jioni ile nilifungua daftari, nikaandika katika safu ya mwisho: "Amekufa. Karani hakueleza."

Tangu siku hiyo hakuna paka atokaye mikononi mwetu bila ya mazungumzo ya nusu saa na karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Karatasi hiyo niliiandika mwenyewe, na hapa nawapa yaliyo makubwa ndani yake, maana paka wako hata kama hukumpata kwetu, tumbo lake ni lilelile.

Kwanza, usimpe paka dawa ya watu, iwayo yote, wala dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Nyingi za hizo zina permethrin, nayo ni sumu kwa paka. Akiumwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Pili, mtoto wa paka asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane. Ukimkuta mdogo peke yake, usimwokote upesi. Ngoja kwa mbali, huenda mama amekwenda kutafuta chakula. Ikiwa hakika hana mama, usimpe maziwa ya ng'ombe, maana yatamharisha, na kuharisha humwua haraka. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka, daktari atakuelekeza. Mtoto wa majuma mawili hunyonyeshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, tena baada ya kunyonya hupanguswa nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa kuwa bado hajaweza kujisaidia mwenyewe. Asiyeweza kuamka usiku asijitwike kazi hiyo.

Tatu, paka si mla wali. Makoko ya wali matupu humjaza tumbo tu, hayamlishi. Hana budi kupata nyama au samaki, maana kuna kitu kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na samaki, ambacho akikikosa macho na moyo wake huharibika.

Nne, afungwe uzazi mapema, kabla hajazaa, wala usingoje "azae mara moja tu". Hiyo mara moja haimpi faida yo yote.

Tano, wajawazito wasisafishe karai la mchanga la paka, kwa sababu ya ugonjwa uitwao toksoplasmosi, ambao waweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwingine wa nyumbani asafishe kila siku, na wote wanawe mikono kwa sabuni. Haina maana ya kuwa paka atupwe nje mama akishika mimba. Mchanga ndio wa kuangaliwa, wala paka hana haja ya kufukuzwa.

Sita, nami nalitia mkazo: akiumwa mtu na paka, mbwa au mnyama mwingine, jeraha lioshwe mara hiyohiyo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Shirika la Afya Duniani hueleza ya kuwa katika watu wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, karibu 99 kwa kila mia wamekipata kwa mbwa. Lakini paka naye aweza kukipata na kukipitisha. Ugonjwa ukisha kuonyesha dalili, karibu hakuna aponaye. Chanjo inayowahi ndiyo iokoayo. Kwa hiyo mwenye kuchanja paka wake amewalinda na watoto wa jirani.

Sasa nije kwenye maneno ya barabarani. Mzee mmoja aliniambia mbele za watu, "Bwana Karani, watu hawana chakula, ninyi mwahangaika na paka?" Swali hili silidharau, maana nami mshahara wangu naujua. Sisi hatukusanyi fedha za kanisa kwa ajili ya paka, wala hatununui chakula cha makopo cha Ulaya. Wavuvi hutupa vichwa na utumbo ambavyo vingetupwa, na dawa huchangwa na wale wapendao. Lakini zaidi ya hayo nilimjibu mzee wangu ya kuwa huruma si kibaba cha mchele, kwamba ukimpimia huyu basi yule atapungukiwa. Yule mama wa maandazi anayelea paka vipofu watatu, ndiye yuleyule anayempelekea chai jirani yake mgonjwa kila asubuhi. Sijamwona bado mtu aliyefunga mlango wake kwa mnyama mwenye njaa, akaufungua wazi kwa mtu.

Wako na wapenda paka ambao nao twapaswa kuwaonya. Katika pwani ya Nungwi na Paje wageni huwazoeza paka kula mezani. Mgeni humlisha mmoja majuma mawili, humpa jina, humpiga picha, kisha hupanda ndege. Ikifika masika, mwezi wa Aprili na Mei, hoteli nyingine hufungwa, na paka waliozoea sahani hubaki wakizunguka milango iliyofungwa. Mwaka 2020, wageni walipokatika kwa sababu ya korona, tuliona jambo hilohilo hata Forodhani. Mgeni apendaye kweli atoe mchango wa kufunga uzazi wa paka wale, nao utawafaa kuliko soseji zake. Na akitaka kumchukua mmoja kwenda naye Ulaya, ajue ya kuwa si kazi ya siku mbili. Paka hutiwa kitambulisho chini ya ngozi, huchanjwa, na baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu ikapimwe kama chanjo imeshika. Kisha hungoja miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Huku nyuma lazima awepo mtu wa kumtunza.

Wengine hubeba paka wa mjini wakaenda kuwaachia shamba au karibu na msitu, wakisema huko watapata mawindo. Ndivyo ilivyo, na hapo ndipo penye hatari. Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina ndege na wanyama wadogo ambao hawana haja ya adui mpya. Paka mwenye njaa hasomi kibao cha hifadhi. Na yule asiyejua kuwinda hufa huko bila ya kuonekana, kama wale wanne wangalivyokufa Malindi kama nisingezuiwa.

Wala msidhani ya kuwa mambo haya ni ya Unguja tu. Lamu, mji wa kale kama wetu, una paka wengi wenye miguu mirefu na miili myembamba, hata Jack Couffer akaandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 1998. Nairobi kipo chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Na huko Tanzania Bara ilitungwa sheria ya ustawi wa wanyama mwaka 2008. Sheria ni njema, lakini sheria haitaamka usiku kunyonyesha mtoto wa paka. Hiyo itabaki kazi ya mtu na jirani yake.

Basi, ndugu yangu wa Makunduchi, hiyo ndiyo habari ya tenga. Sikuombi uje kubeba mitego. Lakini paka yule anayekuja uani kwako kila jioni, ambaye wewe wasema ni wa jirani na jirani asema ni wako, fanyeni shauri ninyi wawili. Mmoja atoe nauli ya kumpeleka kwa daktari, na mwingine atoe tenga. Paka wa wote atakuwa na mwenyewe siku wawili watakapokubaliana.

Neno moja la mwisho. Yule paka wa madoa wa stoo yetu yungali nasi, sikio lake moja halina ncha, na tangu afike panya hawajatafuna ukurasa wa daftari lo lote. Watoto wake wote wanne walipata nyumba.

Na yule mtoto wa Ng'ambo? Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilimwona anakuja na mama yake. Amekuwa mrefu. Walikuwa wamebeba kapu baina yao, na ndani mlikuwa na paka jike wa mtaani kwao, mwenye mimba changa labda, au mwenye shibe tu. Nilifungua daftari, nikauliza, "Ni wa nani huyu?"

Mama alimtazama mwanawe. Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Si wangu. Andika mtaa wetu." Kisha akaongeza, "Lakini akiamka, nitakuja kumchukua mimi."

Sikumwuliza zaidi. Niliandika kama alivyosema.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Wenu,
Karani